Programu Iliyonyamaza

Machano alimkalisha mkewe Mize mbele ya kompyuta asakinishe programu yake kwa kufuata maelekezo aliyoyaandika, huku yeye mwenyewe akiapa kufunga mdomo. Mize aliandika amri ya mwisho, akabonyeza Enter, akangoja. Kimya.

"Mbona imeninunia, bwana?"

"Ikinyamaza, ndiyo imekubali."

"Ningejuaje mie, nawe hukuandika?"

Machano akaanza kuiongeza sentensi hiyo kwenye maelekezo, mara akakumbuka. Siku ya posa, Mize aliulizwa kama anamtaka, akainama kimya, na wazee wakasema amekubali.

"Mize, siku ile... ulikubali kweli?"

Mize alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akavuta kibodi, akaandika NDIYO, akabonyeza Enter.

Kompyuta ikajibu kwamba haiijui amri hiyo.