Pundamilia Aliyekwenda Kuposa

Palikuwa na Pundamilia ambaye hata kupumua alipumua kwa haraka. Siku ya kwenda kuposa alimkuta Ngiri kajilaza topeni, kafumba macho.

"Wewe, unaoga au umekufa?"

"Naoga, ndugu yangu. Kupe hang'oki mpaka tope likukaukie mwilini. Karibu."

"Nani ana muda huo!" Akajirashia maji, akatimka.

Ukweni, mama mkwe alipokuwa akimuuliza habari za nyumbani, kupe walimuuma Pundamilia chini ya mkia. Alijaribu kuvumilia, wapi! Akajibwaga mavumbini, akagaagaa miguu juu.

Mama mkwe akageuza uso. "Kaoge kwanza, baba," akasema kwa upole. "Siku yote hii tuliitenga kwa ajili yako."

Uso ulimshuka Pundamilia. Alirudi kwa njia za vichakani hadi topeni. Ngiri alisogea, akampa nafasi.