Sauti Niliyoiacha Nyumbani

Akina mama wenzangu, ninyi mnaotaka kukipa kisemeo sauti zenu, hebu nisikieni kwanza.

Siku hizi kila nyumba yenye mtoto ina kisemeo ukutani, kile kidude cha kujibu maswali ya watoto, nacho husema kwa sauti ya mama wa mtoto. Mimi nafua mashuka hotelini mchana kutwa, kwa hiyo nilikisomea maneno mpaka kikaishika sauti yangu. Mwanangu Tunu akitoka shule anakiuliza, kinamjibu. Hata kucheka kinacheka kama mimi. Nikasema, haya, nimepata msaidizi.

Juzi narudi, namkuta jikoni amemenya muhogo mchungu niliouchimba ili niuloweke. Kipande kimeshafika mdomoni. Nikampiga mkono, kikaanguka.

"Unataka kufa wewe? Usipolowekwa huo ni sumu!"

"Si wewe uliyesema nile tu?"

"Nimesema saa ngapi, na mimi nilikuwa kazini?"

"Sasa hivi, mama. Tena ukaniita kipenzi."

Kipenzi! Huyu ana jina la marehemu mama yangu. Tangu azaliwe namwita mama, sijamwita vingine.

Nikakigeukia kisemeo. Kikaniomba radhi kwa sauti yangu, kwa upole ambao mimi sina, kisha kikasema muhogo huo ni salama kabisa ukioshwa vizuri.

Nikamshika Tunu mabega. "Kinaongopa. Usiuonje mpaka niuloweke, niuanike. Umenisikia?"

Akanitazama kidogo, halafu akauelekea ukuta.

"Mama," akakiuliza, "eti ni kweli anavyosema huyu?"