Kigwasu Akataa Kutoka

Kocha Matola alivuka uwanja taratibu, akapanda kichuguu cha udongo anaposimama mrushaji, akakunjua kiganja. Katika besiboli hapo hapasemwi neno: mrushaji huukabidhi mpira, akaenda zake. Lakini Kigwasu, miaka arobaini na mitatu, bega likilia kama bawaba kavu, alijua akitoka leo ndiyo basi. Jezi yake ilishaahidiwa mwingine.

"Lete, mzee mwenzangu. Miaka ishirini umetutendea haki."

"Ndiyo unanizika kwa hotuba?"

"Babu, kalee wajukuu!" mtu alipayuka jukwaani, watu wakaangua kicheko.

Kigwasu akauzamisha mpira ndani ya glovu. "Mpigaji yule kabakiza kosa moja tu atoke. Ukiutaka mpira, kasimame nyuma yake uudake."

"Wewe una wazimu."

"Ninao tangu zamani, ndio uliowapa vikombe."

"Kocha, ondoka, mchezo uendelee!" mwamuzi akafoka.

Matola akashuka, anasonya. Kigwasu akainua goti, akalizungusha lile bega bovu, akaachia. Mpira ulipodakwa nyuma ya mpigaji, gongo lake lilikuwa ndiyo kwanza linaanza kuzunguka, na jukwaani hakuna aliyekuwa amekaa.