Bangili ya Mwenyekiti

Siku hizi mtaani kwetu hatupigi kura. Anayelitii Neno kuliko wote ndiye mwenyekiti, na bangili anayovaa kila mmoja ndiyo inayompima kwa alama. Mimi sipingi, maana kiongozi asiyemcha Mungu ni nyumba isiyo na msingi.

Lakini kila Jumanne mwenyekiti Mwaipaja huja kwangu, kwa kuwa imeandikwa wajane watazamwe. Anakaa, anaomba, kisha ananyoosha mkono niguse bangili kwa kidole, iwake kijani.

Jana nilikunja ngumi.

“Shemeji yangu Ambakisye amelima shamba la marehemu mpaka mlangoni kwangu. Nakwambia msimu wa tatu huu.”

“Mama Tusekile, mimi nimekuja kukutazama. Si nimekutazama?”

“Imeandikwa pia, mteteeni mjane.”

“Hiyo, bangili haiipimi, mama.”

“Basi kidole sitoi.”

Akacheka kidogo. “Usipotoa, kesho mimi si mwenyekiti. Unamjua anayenifuata kwa alama? Ni huyo huyo Ambakisye. Hakosi ibada, hapunguzi zaka.”

Nilimtazama usoni. Hakuwa anatania. Nikamwomba Mungu anisamehe, nikatoa kidole. Kijani kikawaka vizuri kabisa, naye akainuka upesi, maana wajane wengine sita walikuwa wanamngoja.