Huko Hakuna Kengele

"Andika," Oscar alisema. "La kwanza: huko hakuna kengele."

Leonard akaandika, daftari juu ya goti, simu kaibana kati ya sikio na bega. Alikuwa amekaa juu ya jiwe lililo mbele ya matuta ya kabichi ya mama yake, mahali pekee pale mlimani ambapo mtandao ulishika. Zilibaki siku tatu aende chuo.

"Sekondari mlikuwa mnaamshwa, mnapigiwa kengele, mnahesabiwa," kaka yake aliendelea. "Chuo hakuna wa kukuhesabu. Utalala wiki nzima na hakuna atakayekuja kugonga mlango. Wanakuacha tu. Umeandika?"

"Nimeandika, kaka."

"La pili, jisajili wiki ya kwanza, hata kama wenzako wanazurura. La tatu, somo likikushinda usijifiche. Mfuate mhadhiri, mwambie sijaelewa. Hang'ati."

Hapo kwenye simu kukasikika bati likigongwagongwa, na mtu akipiga ukelele.

"Samahani, dogo. Mafundi hawa. Wanaezeka bweni."

Kule chini mama yao, Kristina, akanyoosha mgongo, jembe mkononi. "Mwambie nimemsalimu! Muulize, Krismasi anakuja?"

Leonard akauliza, akasikiliza, akajibu kwa sauti: "Anasema watakuwa kwenye mafunzo kwa vitendo, mama."

"Haya. Masomo kwanza."

Masomo kwanza! Mama huyu kwenye jumuiya hakumaliza sala bila kumtaja mwanawe wa mwaka wa tatu Dar es Salaam. Mara ya mwisho Oscar alikuja Pasaka ya mwaka jana, kakonda, kaungua uso mzima, akalala siku mbili akaondoka. Mama akasema ni jua la Dar, na vyakula vya kununua.

Lakini Leonard alikuwa na lake moyoni, na lilimuuma kwelikweli.

Alipomaliza kidato cha sita aliomba vyuo viwili, cha kaka yake na kimoja cha Dodoma. Vyote vikamchukua. Mama alifurahi mpaka akapiga vigelegele peke yake shambani: wanawe wawili chuo kimoja, mkubwa amshike mdogo mkono, yeye alale usingizi. Oscar alipoambiwa, akasema neno moja tu.

"Usije."

"Kwa nini, kaka?"

"Nenda Dodoma. Chuo kizuri kile."

Akapiga simu siku ya pili. Akapiga ya tatu. Hakuacha mpaka Leonard alipothibitisha Dodoma, na tangu hapo ndipo akaanza kumwaga nasaha kila siku, ndefu na za kina, kama anayelipa kitu. Leonard aliziandika zote. Kichwani mwake alikuwa ameshapata jibu: Oscar ananionea aibu. Ana marafiki wa mjini, wanavaa vizuri. Ataanzaje kuwaonyesha mdogo wake wa mlimani, na begi linalonuka vitunguu? Mtu na kaka yake, jamani! Tumbo moja!

"Ana sababu zake," mama alisema, alipomwona kanuna. "Kaka yako ana akili."

Siku ikafika. Mama alimsindikiza mpaka stendi ya Msamvu, Morogoro mjini, akamtia rozari mfukoni, akalia bila kujificha. Basi likaondoka kuelekea Dodoma, na Leonard akajiapia kwamba kabla hajafika atamuuliza Oscar waziwazi, hata kama ni kwenye simu, na liwalo na liwe.

Pale Dakawa tairi likapasuka. Kondakta akawashusha abiria wote. Wengine wakakimbilia kivuli cha basi, wengine wakanunua maji. Barabara ilikuwa imepita katikati ya majaruba ya mpunga, masuke yameanza kuinama. Leonard akasogea pembeni, akapiga.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umeshaondoka?"

"Niko njiani. Tumepata pancha."

"Pole. Daftari unalo? Kuna moja sikukupa."

"Kaka, kwanza nijibu mimi." Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. "Unanionea aibu?"

Leonard akaibana simu sikioni.

"Wewe?" Oscar alisema, na sauti yake haikuwa ile ya kutoa nasaha. "Nikuonee aibu wewe? Dogo, mimi najivunia wewe mpaka nashindwa kula. Andika, tafadhali. Hili ndilo kubwa kuliko yote."

"Haya."

"Ukianguka mtihani, mwambie mama siku hiyohiyo. Usiseme nitamwambia kesho. Kesho inakuwa wiki, wiki inakuwa mwaka, na kila akikuombea unazidi kushindwa. Siku hiyohiyo, dogo. Umenisikia?"

Bati likaanza tena kugongwa, kwa fujo, na ule ukelele ukafuata.

"Mafundi bado hawajamaliza?" Leonard aliuliza, akifuta macho.

"Bado. Bweni lenyewe kubwa."

Leonard akacheka kidogo. Moyo ulikuwa umetulia. Yale ya aibu yalikuwa yameisha. Akaishusha simu ili atafute kalamu mfukoni.

Bati halikunyamaza.

Akaitazama simu mkononi. Kisha akageuka taratibu kuelekea majarubani. Kundi la kwelea, wale ndege wala mpunga, lilikuwa likiinuka kutoka kwenye mpunga, na nyuma yake, juu ya kichanja cha miti, mtu mwembamba alikuwa akiligonga debe la bati kwa nguvu zake zote, simu kaibana kati ya sikio na bega.