Mkono wa Kushoto wa Sweta

Mkono wa kushoto ulikuwa umefupika tena. Jana mchana mkamwana aliuacha ukiwa na urefu wa vidole sita. Asubuhi hii aliupima, akapata vinne.

Kijitabu cha ufumaji kilisema sweta hiyo ya mtoto mchanga humalizwa na anayeanza kwa wiki mbili. Mama mkwe alikuwa nayo miezi miwili. Alikuja na begi moja, akalitazama tumbo la mkamwana wake, akatangaza, "Nikimaliza kumfumia mjukuu wangu sweta, narudi kwangu."

Tangu siku hiyo sufuria zilihamishwa kabati, mapazia yakafuliwa upya, na chumvi haikutiwa mpaka yeye aseme. Mkamwana akawa mgeni jikoni kwake. Alitaka jiko lake lirudi kabla mtoto hajazaliwa, na mtoto alikuwa njiani. Basi kila mama mkwe alipojilaza mchana, yeye alichukua sindano na kuongeza mistari kumi, kimyakimya. Siku kumi na mbili aliongeza. Sweta haikusogea.

"Labda nahesabu vibaya," mama mkwe alisema akigeuzageuza kazi yake. "Au umeigusa, mwanangu?"

"Mimi, Mama? Hata kushika sindano sijui."

Wa kuhurumiwa alikuwa baba mkwe. Kila jioni alipita kumjulia hali mkewe, kitambi kimeanza kuchomoza, akakaa kiti kile kile kando ya kikapu cha nyuzi.

"Nyumba imepooza bila wewe," alisema akishusha pumzi. "Utarudi lini, mama watoto?"

"Sweta ikiisha."

"Basi fuma, mke wangu. Fuma."

Mkamwana hakuwa na shaka tena. Mama mkwe anafumua mwenyewe, ili akae mpaka mtoto aanze shule. Dawa ya moto ni moto. Jioni hiyo, mama mkwe alipokwenda jikoni kuchemsha chai, mkamwana alinyata kwenda sebuleni akakifiche kikapu, aimalize sweta mwenyewe.

Kikapu kilikuwa kitupu. Sweta ilikuwa imepakatwa na baba mkwe, naye alikuwa akivuta uzi taratibu na kuuzungusha kwenye donge, kama mtu aliyeizoea kazi.

Macho yakakutana. Mzee hakuacha kuvuta.

"Mkwe wangu," alinong'ona, "wewe umekaa naye miezi miwili. Mimi miaka arobaini."