Askari Mia Sita

Jumatano ya tarehe 14 Mei 2025, saa nne asubuhi, Kisa alijikata kidole gumba akipasua kakao. Kidonda chenyewe kidogo, panga halikuingia hata sana. Jumapili akazikwa hapo hapo Makwale, nyuma ya nyumba, kwenye migomba.

Siku ya kumi na mbili baada ya mazishi, mumewe, Anangisye, alikuwa amesimama katikati ya maabara ya kituo cha afya, fimbo mkononi, koti la msiba limefungwa vifungo vyote ingawa jua la Kyela lilikuwa linachemsha bati.

"Rudia," alimwambia Damaris. "Mwambie mtendaji kilichomuua mke wangu."

Damaris ndiye alikuwa mganga wa kituo, na mpimaji pia, maana mpimaji alihamishwa na hakuletwa mwingine.

"Baba, nimeshasema. Kwenye damu kuna chembe nyeupe, ndio askari wa mwili. Bakteria wakiingia kidondani, wale askari wanawafuata, wanawameza. Ule usaha mnaouona ni maiti za askari hao. Mtu mzima anatakiwa awe nao kuanzia elfu nne kwenye katone kadogo tu. Mkeo, mashine ilimsomea mia sita."

"Na kidonda chake kilitoa usaha?"

"Hakikutoa. Askari wa kufia pale hawakuwepo."

"Kidonda kikavu! Kisafi kuliko sahani zenu! Halafu mnasema kimemuua."

Ambrose, mtendaji wa kata, alikuwa amekalia kiti pekee kilichokuwamo. Mapajani alikuwa na barua ya kumwondoa Damaris kazini, imebaki sahihi tu. Mashine ile ya kupimia damu ililetwa na wakubwa mwaka juzi. Walikata utepe, wakala kuku, wakapiga picha, wakaondoka, na fundi hakurudi kuikagua hata siku moja. Sasa mtu amekufa, na wakubwa huwa hawakosei. Lazima akosee binti.

"Nilimpa sindano zote zilizokuwepo," Damaris alisema. "Nikaomba gari la wagonjwa. Mtendaji, gari lilikuwa wapi?"

Ambrose akaangalia dari. "Gari lilikuwa na shughuli."

"Ndaga fijo," Anangisye alimshukuru. "Shughuli ya harusi. Tuliliona na maputo yake."

Akatema mate kwenye leso. Sauti ilikuwa imemkauka. Tangu msiba alikuwa anameza hata uji kwa shida, na majirani walisema ni kilio, kitaisha.

"Mashine yenu mbovu," alisema. "Mmemsomea uongo, mkamtibu uongo. Nipime mimi! Nimelima mpunga tangu utoto, sijawahi kulala kitandani kwenu. Ikinisomea upuuzi, barua isainiwe hapa hapa, na wewe binti ufungashe leo."

"Na ikisoma sawasawa?"

"Nakupigia magoti mbele ya huyu mnene."

Damaris akamtoa damu. Mashine ikanguruma, ikatoa karatasi. Akaisoma, kisha akaisoma tena.

"Ngapi?"

"Mia saba."

Anangisye akapiga fimbo sakafuni. "Mia saba! Mimi niliyesimama hapa! Mtendaji, mimi ni maiti? Nimekuja na jeneza? Saini!"

Ambrose akachomoa kalamu. "Pole, binti. Lakini umeona mwenyewe."

"Subiri." Damaris akafungua sindano nyingine. "Mtendaji, nipe mkono."

"Wangu wa nini tena?"

"Anaogopa sindano!" Anangisye alisema. "Mpime, mpime huyo. Ana damu ya posho. Ikimsomea mia tano na yeye, tunaibeba mashine tunaitupa ziwani."

Ambrose akageuzia uso ukutani, akanyoosha mkono. Sindano ilipoingia akaguna. Anangisye akacheka mpaka akajishika koo.

Karatasi ikatoka.

"Elfu saba na mia mbili," Damaris alisema.

"Soma vizuri," alisema Ambrose.

Damaris akamkabidhi aisome mwenyewe. Ambrose akaisoma, akaifunika kalamu yake taratibu.

Damaris hakuiangalia tena mashine, wala barua. Alimsogelea Anangisye, akamwekea kiganja kwenye paji la uso, akakiondoa upesi kama aliyegusa sufuria jikoni.

"Baba," alisema, "kuna kitu kinawaua askari wenu. Nyumbani kwenu mlikuwa mnatumia nini, dawa au chochote, ninyi wawili?"